GB 8, 16 AU 32? HESABU ZA MEMORI KWA MWENYE FUNGU DOGO

Haya jamani, wiki hii siandiki siasa wala mpira. Naandika juu ya kitu chenye ukubwa wa rula ya mtoto wa shule ambacho kimeninyima usingizi siku tatu: memori ya kompyuta, ile ambayo mafundi wetu wanaiita RAM.

Naunganisha kompyuta yangu mwenyewe, ya kwanza. Anayelipwa kwa habari inayotoka anajua maana yake. Kompyuta za chumba cha habari ni za walioajiriwa, sisi wengine tunasubiri waondoke jioni.. na habari ya asubuhi ikifika jioni imeshalala. Fungu langu ni shilingi 700,000, nimezikusanya miezi saba, na nyuma yake hakuna nyingine.

Kariakoo nimepata mazabodi iliyotumika, kasha, pawa saplai na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 (za nyuma yake nyingi Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025). Zimebaki shilingi 300,000. Humo itoke memori, diski ya SSD na UPS, maana umeme wetu mnaujua.

Nikauliza watu. Fundi: "Dada yangu, weka 32 ulale usingizi." Rafiki yangu: "8 inakutosha, kwani unarusha roketi?" Wote wananitakia mema. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani na hiyo kompyuta!

Tuanze hapo basi. Memori ni kama meza ya fundi cherehani, na diski ni kabati lake. Kazi inafanyika mezani. Meza ikijaa, kitambaa kimoja kinarudishwa kabatini ili kingine kipate nafasi, na hapo ndipo kompyuta inapoanza kukwamakwama, kwa sababu diski, hata ya SSD, ni ya polepole mno ukilinganisha na memori. Lakini angalieni upande wa pili: fundi mwenye meza kubwa kuliko ukumbi hashoni haraka zaidi. Meza ndogo inamchelewesha, meza ya kumtosha inamwacha afanye kazi, na kinachozidi hapo kinakaa tu.

Kwa hiyo swali si "ngapi ni nyingi?" Swali ni meza yangu mimi inajaa kiasi gani.

Nikaazima kompyuta ya jamaa yangu yenye GB 16. Nikafungua kila ninachofungua siku ya kazi ngumu: kivinjari chenye kurasa ishirini, WhatsApp, ripoti mbili ndefu za PDF, habari ninayoiandika, sauti ya mahojiano na programu ya kukata video. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikasoma: GB 10.8. Windows hujitanua kidogo ikiona nafasi, lakini hata ukiipunguzia, GB 8 imeshapita. Na kwenye 32, theluthi mbili zingekaa bure.

Kilichonishangaza ni nani anayekula. Nilidhani ni sauti. Nikapiga hesabu: mahojiano ya saa moja, chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli baiti 4.. yanafika takriban MB 635. Lakini Audacity, ninayotumia kukatia, huziweka data hizo kwenye diski, haizirundiki zote kwenye memori. Mla mkubwa ni video. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ikifunguliwa ni zaidi ya MB 8. Picha 25 kwa sekunde ni kama MB 207. Sekunde kumi tu, GB 2! Programu haishiki filamu nzima kwa wakati mmoja, lakini mnaona kwa nini meza inajaa. Kivinjari nacho si haba, kila ukurasa unadai chake.

Basi ni 16. Lakini je, kipande kimoja cha 16 au viwili vya 8? Mazabodi yangu ina nafasi mbili tu za kuchomekea. Kipande kimoja kinaacha nafasi ya kuongeza baadaye. Vipande viwili vinafanana na barabara ya njia mbili: prosesa inavisoma kwa pamoja. Kwa mwenye kadi ya michoro ya pekee tofauti si kubwa sana. Mimi sina, michoro yangu inatoka ndani ya prosesa na inakopa memori hiyohiyo. Kwangu njia mbili zina maana leo, nafasi tupu ina maana siku nikipata fedha. Nimechagua leo.

Kuna wanaosema ningoje bei ishuke. Memori nyingi duniani inatengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani. Mwaka 2025 viwanda hivyo vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia, vinavyonunua kwa wingi na kulipa vizuri, na bei kwa watu wa kawaida ikaruka. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial, jina ambalo waunganishaji wengi wa kompyuta walilitegemea. Anayesubiri huku anakosa kazi kila wiki naye analipa, ila risiti hapewi.

Nimechukua vilivyotumika, DDR4. Ukienda, kumbuka DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na za laptop ni fupi, haziingii kwenye kompyuta ya mezani. Muuzaji alikubali nipime kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi kabla hajafunga hesabu. Ilizunguka karibu saa tatu bila kosa hata moja. Muuzaji anayekataa kipimo amekupa jibu.

Na sasa sababu kubwa ya kuiacha 32. Vipande viwili vya GB 16 vingemeza fedha ya UPS. Memori ina tabia moja isiyobembelezwa: umeme ukikatika, inasahau yote papo hapo. Ningekuwa na meza kubwa, halafu ikivutwa ghafla kila kilichokuwa juu yake ambacho sijakihifadhi kinapotea. Mama mmoja akinieleza leo jinsi alivyonyang'anywa kiwanja, sitapata ujasiri wa kurudi kumwambia, "Mama, naomba unisimulie tena, umeme ulikatika."

Nimechukua GB 16, SSD ya 256 na UPS ndogo ya kunipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Mfukoni imebaki nauli ya daladala. Kesho jioni sisubiri mtu aondoke kwenye kiti chake.