Madaftari Matatu ya Baba Mkubwa

Julai 2018 nilishuka Tingi, kwenye barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, nikiwa nimeifunga kompyuta yangu ndani ya kitenge ili vumbi lisiiharibu. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya kompyuta Dar es Salaam. Kahawa ilikuwa imeiva. Msimu ule serikali ilielekeza kahawa ipitie kwenye vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS, badala ya kuuzwa kwa wanunuzi binafsi waliokuwa wakizunguka vijijini. Foleni ya mzani ikawa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona.

Baba mkubwa alikuwa karani wa chama. Jioni alirudi akiwa na wino vidoleni, akala ugali na usipa bila kusema neno, kisha akawasha taa na kuendelea kujumlisha. Usiku wa tatu aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako haiwezi kunisaidia?" Nikamjibu, "Inaweza, baba." Sikuwa nimewahi kuunda kanzidata ya kitu chochote nje ya darasa.

Nilianza usiku uleule. Nilichagua Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti, maana masomo yake nilikuwa nimeyapakua kabla ya kuondoka Dar, na programu ingefunguka kwenye kivinjari ndani ya kompyuta yangu hata kama intaneti haipo. Nikaunda jedwali moja kubwa lenye kila kitu: jina la mkulima, kijiji, simu, tarehe, kilo, malipo ya awali, malipo ya pili. Kila gunia likipimwa, mstari mmoja mpya. Niliona nimemaliza kazi.

Wiki ya kwanza haikuisha kabla mambo hayajaharibika. Anayeijua Mbinga na Nyasa anajua jinsi koo zetu zilivyo. Ndunguru, Komba, Kapinga, Hyera, Mapunda: ukiita jina moja kati ya hayo kwenye foleni ya mzani, wanageuka watu wengi. Na kwa kuwa majina ya ubatizo nayo ni yaleyale ya watakatifu, chama kilikuwa na wanachama watatu wenye jina moja na ukoo mmoja, wawili kati yao wakikaa kijiji kimoja. Kompyuta iliwajumlisha wote kama mtu mmoja. Kwa upande mwingine, mzee mmoja nilikuwa nimemwandika Ndunguru leo na Ndungulu keshokutwa, kwa jinsi alivyojitaja mwenyewe. Huyo kompyuta ilimgawa akawa watu wawili. Mama mmoja akabadilisha namba ya simu, nikalazimika kuirekebisha kwenye mistari tisa, na mmoja nikausahau.

Nilimweleza baba mkubwa. Hakunilaumu. Alinivutia kigoda, akaweka mezani madaftari matatu.

La kwanza lilikuwa rejesta ya wanachama. Humo kila mtu ameandikwa mara moja tu: namba yake, jina, kijiji, siku aliyojiunga. La pili lilikuwa la mapokezi. Nililipekua nikitafuta majina, sikuyaona. Kulikuwa na tarehe, namba ya mwanachama, kilo na namba ya stakabadhi, basi. La tatu lilikuwa la malipo, nalo lilitumia namba zilezile. "Jina linakaa nyumbani kwake," alisema, akigonga rejesta kwa kidole. "Huku kwingine inatembea namba. Mtu akihama kijiji, ninafuta sehemu moja."

Nilikaa kimya kwa muda. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimekariri maneno ya mtihani: ufunguo wa msingi, unaomtofautisha kila mmoja na wenzake, na ufunguo wa kigeni, unaorejea kwenye jedwali lingine. Niliyajibu na nikafaulu. Maana yake niliipata Tingi, kwenye madaftari yaliyochakaa ncha. Namba ya mwanachama ilikuwa ufunguo wa msingi kwenye rejesta, na ilikuwa ufunguo wa kigeni kwenye mapokezi.

Nikabomoa, nikaanza upya: Wanachama, Misimu, Mapokezi, Malipo. Malipo niliyapa jedwali lake, kwa sababu baba mkubwa alinieleza kuwa si lazima yawe mawili. Kuna ya awali, kuna ya pili baada ya mnada, na kuna makato ya pembejeo katikati. Safu mbili nilizokuwa nimetenga zisingetosha. Kila malipo yakawa na mstari wake, hata yakiwa matano.

Kosa kubwa lilikuwa bado linakuja. Agosti mwanachama mmoja alifariki, na baada ya mazishi nikaombwa nimwondoe kwenye orodha. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Django inakutaka useme kitatokea nini kwa mistari inayomrejea mtu akifutwa. Mimi nilikuwa nimenakili agizo lililokuwa kwenye somo, linalofuta vyote pamoja naye. Sikuligundua.

Oktoba, siku ya malipo ya pili, mjane wake alifika na stakabadhi zake ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa vizuri kama picha za harusi. Niliandika namba. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna mapokezi yoyote. Yule mama alinitazama bila kusema kitu. Baba mkubwa alifungua daftari la pili, akashusha kidole taratibu, akasoma mistari mitano kwa sauti: kilo 318. Zililingana na stakabadhi zote. Alilipwa siku ileile.

Usiku ule nilibadilisha agizo: mwanachama mwenye mapokezi au malipo asifutike kamwe. Nikaongeza safu ya hali, yu hai au amefariki, na jedwali la warithi. Kumfuta mtu aliyelima, akachuma, akaanika na kubeba gunia hadi mzanini ni kusema hakulima. Mpangaji wa majedwali hana haki hiyo.

Nimeunda kanzidata nyingi tangu hapo, za maduka, za zahanati, za shule. Wewe unayeanza, nakuomba jambo moja. Kabla hujachora jedwali la kwanza, mtafute anayeifanya kazi hiyo kwa kalamu. Mwamkie, kaa, muulize kwa nini ana madaftari matatu na si moja, na usikilize mpaka amalize. Kisha ndipo ufungue kompyuta.