Utange: Huku Baiskeli Bado Inapita Bila Honi

Je, mpenzi msomaji, mtoto wako aliendesha baiskeli wapi mara ya mwisho? Ikiwa unaishi kisiwani Mombasa, huenda jibu ni ndani ya ua, au uchochoroni baina ya magari yaliyoegeshwa. Wazazi wengi huwanunulia watoto baiskeli siku ya Idi au Krismasi, kisha wakawakataza kutoka nayo langoni. Hatuwezi kuwalaumu. Barabara ya kwenda Malindi haina huruma hata kwa mtu mzima wa miguu, sembuse mtoto wa miaka tisa aliyekalia magurudumu mawili.

Jumapili hii nataka kukuvusha daraja la Nyali nikupeleke Utange. Ukiisha kupita Bamburi unaiacha barabara kuu na kukata kushoto, kuelekea bara. Usiridhike na njia kubwa ya magari ya Utange kwenyewe. Hiyo nayo ina matatu zake. Ingia njia za ndani. Huko lami inakwisha, kelele zinabaki nyuma, na mbele yako kuna vijia vya mchanga vinavyopenya baina ya minazi, miembe na mikanju, vikipita nyuma ya nyumba za makuti na mbele ya vibanda vya mihogo.

Watu wa makamo hulikumbuka jina la Utange kwa sababu nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1990, Somalia ilipovurugika, hapa palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi. Kambi ilifungwa katikati ya miaka hiyo na watu wakatawanyika. Kijana wa leo akipita hapo na baiskeli yake haoni dalili yoyote.

Wenyeji wa hapa hawakungoja mtu wa mjini awafundishe faida ya baiskeli. Kaa chini ya mwembe nusu saa asubuhi uhesabu: mgema na vibuyu au mitungi yake, muuza maji na madumu manne, mama aliyepakiwa kwenye kerea na kikapu mapajani, kijana wa mkate. Ni baiskeli zile nyeusi, nzito, zisizo na gia wala mbwembwe, zinazobeba uzito ambao ungeivunja hiyo ya mwanao yenye rangi tatu. Nasi wa mjini hujiona tumegundua kitu kipya tukiita safari hiyo mapumziko!

Ukitaja baiskeli na Ufaransa, wengi hukumbuka mashindano makubwa ya Tour de France yaliyoanza mwaka 1903. Wakenya tuna haki ya kuyakumbuka, kwani Chris Froome, aliyeyashinda mara nne baina ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupata mafunzo yake ya kwanza ya mbio kwa David Kinjah, huko Kikuyu, kwenye njia za udongo. Lakini Mfaransa wa kawaida, pamoja na mkewe na watoto, hana haja na mbio. Yeye huenda kwenye zile ziitwazo "njia za kijani", ambazo gari na pikipiki haziruhusiwi kukanyaga. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 katika jimbo la Burgundy, kutoka Givry hadi Cluny, kilomita zipatazo 44, juu ya tuta la reli iliyokwisha kuachwa. Nyingine hupita kandokando ya mifereji ya zamani. Mfereji wa Canal du Midi, uliokamilika mwaka 1681, una urefu wa kilomita 240 hivi, na ukingoni mwake mlikuwa na njia ya wanyama waliokokota mashua kwa kamba. Farasi aliondoka, baiskeli ikarithi.

Nataka uangalie jambo moja hapo. Wafaransa hawakununua shamba la mtu ili watoto wapande baiskeli. Reli na mfereji ni vipande virefu vya ardhi ambavyo tayari vilikuwa na mipaka na hati, visivyokatwa na ua wa mtu yeyote. Treni ilipokoma, njia ilikuwa imekwisha pimwa. Mwaka 2004 sheria yao ya barabara ikazitambua njia hizo rasmi, na tangu hapo dereva anayeingia humo anavunja sheria, wala hahesabiwi kuwa mtu aliyekosa adabu tu.

Sasa rudi nami Utange. Vijia hivi unavyovifurahia havimo katika ramani ya mtu. Vimetokana na miguu ya watu: wa kisimani, wa shuleni, wa msikitini, wa sokoni. Mwenye shamba wa zamani aliviacha kwa sababu jirani yake naye aliviacha. Nawe wajua mambo ya ardhi ya Kisauni, jinsi kesi za maskwota na wenye hati zilivyodumu miaka na miaka. Shamba likiuzwa leo likakatwa ploti, mnunuzi huonyeshwa mawe manne ya mpaka na basi. Hakuna anayemwambia kwamba katikati ya ploti yake kuna njia ya watoto kwenda shule. Anajenga ukuta wa matofali, tena kwa haki yake. Njia inazunguka ukuta. Wa pili akijenga, inazunguka tena, na wa tatu akiziba, waliokuwa wakipita humo hawana budi kutokea barabara kubwa, kwenye malori. Ndiyo sababu ninakuhimiza uende mwaka huu, na ukifika uulize wazee wa mtaa njia ipi ilikuwa ikienda wapi. Na ikiwa wewe ni mmoja wa wanaonunua ploti huko, mwambie mpimaji akuachie hatua mbili tatu za njia kabla hajapanda mawe.

Lakini turudi kwenye safari. Ukitaka kivuli cha kweli, Bamburi ni jirani, na habari zake huenda zikawapendeza wanafunzi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi kuacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu miti. Katika aina 26, ni tatu tu zilizostahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Majani ya mvinje yalianguka yakalala bila kuoza, mpaka alipoleta jongoo wale wakubwa tunaowaita treni ya Mombasa. Jongoo waliyala majani, wakayageuza mbolea, na hiyo ikawa udongo. Msitu ulipokua, sehemu yake ikawekewa vijia vya watembeaji na waendesha baiskeli. Watoto wanapajua zaidi kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kuambatana na kobe mzee kana kwamba ni mamaye.

Upande wa bara wa Kiembeni, si mbali na Utange, kuna hifadhi ya Nguuni, ambako twiga, pofu na mbuni huranda nyikani. Mahali hapa na msituni hapaingiliki hivi hivi. Ulizia kwanza saa na kiingilio, na kama baiskeli zinaruhusiwa siku hiyo. Nguuni husifiwa kwa machweo yake. Ukiwa na watoto, mimi ningeyasahau hayo machweo. Kurudi gizani bila taa si jambo la kujaribu.

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu, jua lisije likakukuta safarini. Epuka siku za masika, kwani mchanga unaopendeza Januari, mwezi wa Mei hugeuka madimbwi, na ukisogea zaidi bara udongo hunata kwenye tairi mpaka gurudumu ligome. Mchangani punguza upepo kidogo kwenye matairi, utaona baiskeli haizami sana. Chukua pampu, viraka na solusheni, miiba haichagui. Breki zijaribu ukiwa bado nyumbani. Kama huna namna ya kuzisafirisha baiskeli, tuktuk hubeba ile ya mtoto bila taabu, na mafundi wa mitaani aghalabu huwa na za kukodisha kwa saa.

Pikipiki zipo, sikufichi. Huja kwa kasi kwenye kona, na kelele zake ndizo kinga yako. Waambie watoto wasogee pembeni waisikiapo, wala wasishindane nayo. Ukipita uani kwa watu shuka, piga hodi, wafundishe watoto shikamoo kwa wazee. Utaelekezwa njia nzuri kuliko yoyote niliyokutajia, na huenda ukaangushiwa madafu. Lipa yanavyouzwa, usibishane na mtu aliyetoka kupanda mnazi.

Wakati wa kurudi, utaanza kuisikia barabara ya Malindi kabla hujaiona. Ukifika hapo, shukeni nyote. Mshike mtoto mkono mmoja na usukani mkono wa pili, mvuke mkisukuma.