Tulianza na sauti moja: filimbi za watoto Mudzi Pela

Jumamosi asubuhi ukitoka soko kuu la Bunia kuelekea Mudzi Pela, masikio hayapumziki. Pikipiki zinapiga honi, vinu vya mihogo vinanguruma, na kwaya zinafanya mazoezi ya Jumapili. Ukiacha barabara kubwa na kushika njia ya vumbi jekundu kando ya mikaratusi, kelele zinapungua. Hapo, uani kwa mmoja wetu, utasikia sauti nyembamba ambayo mara nyingine inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Ni watoto wetu wanajifunza filimbi, na sisi mama zao pamoja nao.

Wazo hili halikupita kwa urahisi. Wengine kati yetu walisema wazi: mtoto hali filimbi, na feza ya likelemba ni ya karo, sabuni na unga. Ndipo akasimama mama mmoja anayeishi kambini Kigonze tangu alipokimbia vita Djugu. Akasema: “Mtoto wangu anaogopa kila sauti. Sufuria ikianguka, anaingia chini ya kitanda. Nataka apate sauti moja ambayo yeye mwenyewe anaianzisha na yeye mwenyewe anaisimamisha.” Tukanyamaza. Likelemba hatukuigusa, kila mmoja alitoa kidogo pembeni, tukanunua filimbi nne za plastiki, zile za kupuliza kwa mdomo wa juu. Watoto walikuwa saba.

Somo la kwanza lilikuwa la maji na sabuni. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mkoa wetu ulijifunza kunawa mikono, na watoto wanajua. Kabla filimbi haijapita kutoka kinywa kimoja hadi kingine, tunaiosha, tunaisuuza na kuikausha kwa kitambaa safi. Anayengoja zamu anaimba sauti ile ile kwa mdomo, ili naye ajifunze.

Kisha mikono. Mkono wa kushoto unakaa juu, hata kwa mtoto anayeandika kwa kushoto. Kidole gumba kinaziba tundu la nyuma, kidole cha kwanza kinaziba tundu la juu mbele: hiyo ni si. Ongeza kidole cha kati, ni la. Ongeza cha tatu, ni sol. Sauti hizo tatu zilitutosha majuma matatu, na zinatosha kwa nyimbo fupi nyingi za watoto.

Kosa la wote, wakubwa kwa wadogo, ni kupuliza kwa nguvu. Filimbi inapiga kelele, mtoto anaaibika, anaiweka chini. Sisi tunawaambia: puliza kama unapoza uji wa mdogo wako, usimwagike. Ulimi uguse nyuma ya meno, kama unasema “tu”. Sauti ikikwaruza hata ukipuliza polepole, tazama vidole: tundu limebaki wazi kidogo. Tumia nyama ya kidole, si ncha. Ukiondoa kidole na kuona alama ya duara, uliziba vizuri.

Mtoto mmoja alisema filimbi ni kitu cha wazungu. Mama yetu mmoja, mzaliwa wa Mambasa, alicheka sana. Akaeleza kwamba katika msitu wa Ituri watu wanapiga filimbi kwa kikundi: kila mtu ana yake yenye sauti moja tu, anangoja zamu yake, na wimbo unapatikana kwa kupokezana. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita pembeni ya msitu huo na kurekodi muziki wa Wabudu, Wanande, Walese, Wabira na Wambuti. Tukaona kwamba uchache wa filimbi zetu si kizuizi. Tulimpa kila mtoto sauti moja. Mmoja si, mwingine la, na yule wa Kigonze tukampa sol.

Juma la tano, gari lilipasuka tairi barabarani. Wote tulishtuka. Yeye alikimbia nyuma ya nyumba, filimbi mkononi. Mama yake alimfuata polepole, akakaa karibu naye bila kusema. Sisi tulibaki uani, hakuna aliyecheza. Baada ya muda tukasikia kutoka nyuma ya ukuta: sol. Ilitetemeka, lakini ilikuwa sol. Mwenzake akajibu la, mwingine si. Sol ikarudi tena, imenyooka kidogo.

Mama yake anasema usiku bado analala vibaya. Lakini Jumamosi ndiye wa kwanza kufika, na ndiye anayeosha filimbi.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, tunashauri haya. Anzeni na watoto wachache, na mama mmoja ajifunze mbele yao siku mbili tatu. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa juma. Waambieni majirani mapema. Tena jua likizama, filimbi ziwekwe kabatini: katika mitaa yetu filimbi ikilia usiku, watu wanafikiri wezi wameingia, na hatupendi kumwamsha mtu yeyote kwa hofu.

Sasa tunachanga feza ya filimbi ya tano. Mama mwenye kutaka kuona, afike Jumamosi asubuhi. Usiulize nyumba, fuata njia ya mikaratusi, utasikia.