Ulimi Unaotawala Mashamba ya Ruiru

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara ya Thika huelezwa historia na majina ya vituo: Kahawa Sukari, Kahawa Wendani. Siku hizi huko kumejaa nyumba za kupangisha na maduka. Hata mashamba makubwa ya kahawa karibu na Ruiru yamegeuka mji mpya wa Tatu City. Lakini hapo hapo Ruiru, kwenye shamba la Jacaranda, mibuni ingali inatunzwa kama watoto wachanga. Hicho ni kituo cha taifa cha utafiti wa kahawa.

Ni hapa ilipozaliwa Ruiru 11, mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Wakulima walikuwa wamechoshwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi, ulioonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1922. Ruiru 11 ilistahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani, ikapunguza gharama ya dawa. Tena ni mbuni mfupi: hekta moja hubeba miti 2,500 hivi, ambapo SL28, mbegu ya zamani, haizidi sana 1,300.

Je, mkulima angetaka nini zaidi? Alisahau ulimi wa mnunuzi.

Kahawa huuzwa baada ya kuonjwa. Mwonjaji huchota kijiko, huvuta kwa kishindo, hutema, kisha huandika alama. Katika mizani iliyozoeleka na wanunuzi wa kahawa ya hali ya juu, alama ni kati ya 100, na isiyofika 80 huwekwa kando. Ndimi hizo zilikuwa zimelelewa na SL28, iliyochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930, yenye uchachu mtamu wa tunda. Wanunuzi wengi wakaiona Ruiru 11 kuwa imepooza.

Jambo hili si la kahawa pekee. Mmarekani Robert Parker alianza mwaka wa 1978 kutoa jarida la kupima divai kwa alama hizo hizo 100. Alama zake zilipopandisha bei, watengenezaji wengi, hata kule Bordeaux, Ufaransa, waliacha zabibu ziive zaidi na kutumia mapipa mapya ya mwaloni ili divai iwe nzito, kama alivyoipenda.

Ruiru nayo ilisikia. Mwaka wa 2010 ikatoa Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu cha Mlima Kenya: mbuni mrefu, mstahimilivu wa magonjwa, wenye damu nyingi ya SL. Watafiti pia wameonyesha kwamba baadhi ya koo za Ruiru 11 hukaribiana sana na SL28 kikombeni. Sifa mbaya, hata hivyo, haifutiki upesi.

Ukifika Thika, penye viwanda vya kukoboa kahawa, utasikia sana habari za AA. Usidanganyike: herufi hizo hupima ukubwa wa punje, wala si utamu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kahawa yetu haijiuzi. Huuzwa na alama za watu wa mbali, huku sisi wenyewe tukinywa chai. Jumapili moja, wazazi, wachukueni watoto mkaone maporomoko ya Chania pale Thika, kisha mwagize kahawa. Onjeni, mbishane, kila mmoja atoe alama zake. Haifai mwenye shamba awe wa mwisho kujua ladha ya mavuno yake.