Ushuhuda Usio na Mafuriko



Wale mlioona ile picha yangu nikiwa na helmeti kichwani na kamba begani, mmeniuliza sana. Mmoja wenu akaandika, "Pasta, umejiunga na zimamoto?" Nilicheka. Leo nawaeleza, na mniruhusu nieleze yote, hata pale ambapo sikufanya vizuri.

Mwezi wa Agosti nilikuwa Marekani, jimbo la Utah, kwa mwaliko wa familia za Wakenya walioko Salt Lake City. Huko ndiko anakoishi mtoto wa marehemu kaka yangu. Huyu kijana nilimlea tangu akiwa darasa la tano. Ananiita baba mdogo, lakini karo nililipa mimi, na fimbo pia nilishika mimi. Sasa ni mtu mzima, ana mke, ana kazi, na siku zake za mapumziko anashuka kwenye makorongo ya jangwani kwa kamba.

Akaniambia, "Baba mdogo, nikupeleke uone."

Tukaendesha gari kama saa nne hadi mji mdogo uitwao Hanksville. Hapo ni jangwa la mawe mekundu, mpaka unahisi umefika mwisho wa dunia. Makorongo yenyewe huyaoni mpaka ufike ukingoni. Maji yamekata jiwe la mchanga kwa maelfu ya miaka, yakaacha mpasuko mrefu. Juu unaweza kuuruka, chini unapita kiubavu, kifua kwenye ukuta na mgongo kwenye ukuta. Ukitazama juu, mbingu ni uzi tu wa bluu.

Usiku ule nilidhani tutalala mapema. Kumbe kijana alikuwa na kazi. Alitoa kitabu cha mwongozo, ramani, na kalamu. Wapendwa, nimeona watu wakisoma kwa ajili ya mtihani, lakini sijaona mtu akisoma ukurasa mmoja namna ile.

Juu ya kila korongo kitabu kimeandika alama, kwa mfano 3B III. Akanifundisha. Namba ya kwanza inasema ugumu wa njia: 1 ni kutembea tu, 2 ni kushika miamba kwa mikono, 3 ni lazima ushuke kwa kamba, 4 ni la wazoefu. Herufi ni maji: A ni kukavu au maji kidogo, B ni maji yaliyotulia ambayo huenda ukaogelea, C ni maji yenye mkondo. Namba ya Kirumi ni muda: I ni saa chache, III ni sehemu kubwa ya siku, VI ni siku mbili au zaidi.

Nikamwambia, "Basi si kila kitu kimeandikwa? Tufuate tu."

Akatikisa kichwa. "Baba mdogo, kitabu kinakwambia korongo lilivyokuwa siku mwandishi alipopita. Hakijui kesho."

Akanieleza kwamba mafuriko moja yanaweza kubeba mchanga wote, na mahali palipokuwa na mteremko wa mita tatu ukakuta mita sita. Shimo lililojaa maji, ambalo mwandishi alitoka kwa kuogelea hadi ukingoni, ukilikuta limepungua unaweza kushindwa kutoka. Hata muda ni wa kupima. Michael Kelsey, ambaye vitabu vyake vya makorongo ya Colorado Plateau vinajulikana sana, huandika muda aliotumia yeye mwenyewe, naye ni mtu wa mwendo wa kasi. Mimi na goti langu hili tungeongeza saa nyingi.

Kisha akaandika kwenye karatasi: korongo gani, tunaingia wapi, tunatokea wapi, na saa ambayo tusipopiga simu waanze kututafuta. Akapiga picha karatasi ile akamtumia mkewe. Nilipomuuliza ya nini, akanikumbusha Aron Ralston. Mwaka 2003, si mbali na pale tulipokuwa, jiwe lilimbana mkono ndani ya korongo la Blue John. Hakuwa amemwambia mtu anakokwenda. Alikaa humo siku tano na zaidi, mpaka akaukata mkono wake mwenyewe ili atoke.

Asubuhi tukafika ukingoni. Mbingu safi kabisa. Hata wingu la ukubwa wa kiganja halikuwepo. Nilikuwa nimeshavaa mkanda wa kamba kiunoni na mapajani, nimeshaomba, nimeshapiga ile picha mliyoiona.

Kijana akasimama. Akaangalia tena utabiri wa hali ya hewa alioupakua usiku, uliosema huenda kukawa na ngurumo za mvua mchana. Akafungua ramani, akapitisha kidole kutoka pale tulipokuwa hadi kwenye miinuko ya mbali.

"Maji ya huku kote yanaingia humu," akasema. "Ikinyesha kule, sisi hatutaiona. Leo hatuingii."

Nikamwambia, "Kijana wangu, angalia juu. Kuna mvua hapo?"

"Baba mdogo, haihitaji kunyesha hapa."

Sasa nasema ukweli. Nilikasirika. Nilimwambia nimetoka Kenya, nimeendesha saa nne, nimeomba, na nina amani moyoni. Nilimwambia imani yake imepoa tangu aje huku. Akaniangalia kwa heshima ile niliyomfundisha mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Siendi. Na wewe huendi."

Tukarudi kwenye gari kimya. Tukakaa kwenye kituo cha mafuta tukila mikate yenye nyama, kila mtu anaangalia upande wake. Mchana mawingu yalikusanyika mbali juu ya milima. Yakakaa. Yakatawanyika. Halikuanguka tone nililoliona mimi.

Na mimi, mchungaji wenu, nikamgeukia nikasema, "Unaona?"

Hakujibu.

Siku mbili baadaye utabiri ulikuwa mzuri, akanipeleka korongo jingine, dogo zaidi, linalokusanya maji kutoka eneo dogo. Kitabu kilisema kamba ya kwanza inafungwa kwenye shina la mti. Tulipofika, mti haukuwepo. Tukakuta watu wengine wamezungusha utepe wa nailoni kwenye jiwe kubwa. Ulikuwa umepauka kwa jua. Kijana aliukagua, akautikisa, kisha akaukata akafunga mpya wa kwake. Alijaribu uzito mara tatu kabla hajaniruhusu nisogee.

Nikashuka. Magoti yalitetemeka, lakini nikashuka. Yeye akafuata, kisha akavuta upande mmoja wa kamba. Ikapita kwenye ile pete ya chuma juu, ikaanguka yote miguuni petu, puu!

Nikatazama ukuta tulioshuka. Laini kama sahani. Hakuna pa kushika.

"Sasa tunarudi vipi?" nikauliza.

"Haturudi. Sasa ni kwenda mbele tu mpaka tutokee chini."

Hapo ndipo damu yangu ilipopoa. Nikaelewa kwa nini alisimama pale juu siku ile. Uamuzi wote wa korongo unafanywa kabla ya kuvuta kamba. Ukishavuta, huna uamuzi tena, una njia moja tu.

Tukaendelea kiubavu. Mahali fulani nikainua macho nione mbingu, nikaona gogo. Gogo zima la mti, nene kuliko mwili wangu, limekwama kati ya kuta mbili, juu ya vichwa vyetu kama ghorofa mbili hivi.

"Nani aliliweka pale?" nikauliza, nikijua jibu.

"Maji," akasema.

Nilisimama chini ya gogo lile muda mrefu. Maji yalikuwa yamefika pale juu, ndani ya mpasuko ambao mimi nilikuwa napita kwa shida.

Akanisimulia polepole. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope karibu na mji wa Page, Arizona, watalii 11 walikufa. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya mkondo. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba waliingia korongo la Keyhole katika hifadhi ya Zion. Walikuwa na kibali mkononi. Mafuriko ya ghafla yaliwachukua wote saba.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Baba mdogo, unakumbuka Hell's Gate?"

Wapendwa, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wengi wenu mnajua kwamba mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokwenda matembezi kule Hell's Gate, Naivasha, walisombwa na maji ndani ya korongo, na saba wakafa. Mwaka 2019 mafuriko yakaua tena watu mahali pale pale. Ni korongo kama haya ya Utah: kuta nyembamba, na maji yanayotoka mahali usipopaona.

Jambo ambalo sijawahi kuwaambia ni hili. Mwaka mmoja baada ya msiba ule wa 2012, mimi nilipeleka vijana wetu huko, msimu wa mvua. Kijana aliyekuwa akituongoza alisitasita, akasema tubaki juu. Nikamwambia tumeomba. Tukaingia. Tukatoka salama, tukaimba ndani ya basi mpaka nyumbani. Jumapili nikasimama madhabahuni nikatoa ushuhuda jinsi tulivyoshinda hofu, nanyi mkapiga makofi.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa kwenye basi lile.

Akaniambia, "Siku ile niliogopa sana, lakini nisingeweza kukukatalia."

Sikuwa na la kusema. Kwa miaka yote hiyo niliita imani kitu ambacho kilikuwa bahati tu. Na kwa sababu tulirudi salama, hakuna aliyeniuliza. Matokeo mazuri yalinificha makosa yangu.

Pale chini ya gogo nikamwomba msamaha. Kwa Hell's Gate, na kwa lile neno langu, "Unaona?" Kwa sababu nilidhani mafuriko yasipokuja, aliyegeuka nyuma ameshindwa. Sasa najua alikuwa sahihi saa ile ile aliposimama ukingoni, kabla mawingu hayajaamua lolote. Angekuwa sahihi hata kama jua lingewaka wiki nzima.

Tunapenda ushuhuda wenye kishindo: gari lilipinduka na mimi nikatoka mzima. Lakini kuna ushuhuda mwingine ambao hausimuliwi, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mama aliyekataa kupanda matatu iliyojaa. Dada aliyeahirisha harusi kwa sababu kuna jambo halikukaa sawa. Hawa hawaitwi mbele kusimulia. Pengine wanachekwa.

Nimeamua mambo mawili. Kwanza, kuanzia sasa safari yoyote ya vijana wetu itakuwa na karatasi kama ile ya kijana wangu: tunakwenda wapi, tunarudi saa ngapi, hali ya hewa inasemaje. Mwongozaji wa mahali akisema hapana, ni hapana, hata kama mchungaji ana amani moyoni. Pili, kijana yeyote kwenye safari zetu ana ruhusa kusema "siendi", na hataambiwa imani yake imepoa.

Wale mliokuwa kwenye basi lile, kama na nyinyi mliogopa mkanyamaza, nawaomba msamaha. Mnaweza kuniandikia hapa au kunipigia. Nitasikiliza.

Na wewe unayesoma leo ukiwa ukingoni mwa jambo fulani, kamba iko mkononi na bado hujaivuta, bado unaweza kurudi kwenye gari. Watakaokucheka wacha wacheke.

Mbarikiwe sana. Tukutane Jumapili.