Zima flashi, pandisha ISO

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie kamera. Kila nikienda na kamera kwenye shughuli ya jioni nyumbani kwa watu, swali ni lile lile: mbona hutumii flashi?

Situmii kwa sababu flashi hutangaza. Ikiwaka mara moja tu sebule nzima inajua kuna mpiga picha. Mzee anakaa wima, shangazi anarekebisha kitambaa, watoto wanakimbilia mbele. Mazungumzo yamekufa.

Dawa ni ISO. Ukitoka 100 hadi 1600 umepanda mara 16. Kwa hivyo picha ambayo, chini ya balbu moja, ingetaka shata ikae wazi robo sekunde, sasa yataka 1/60. Ukifika 3200 ni 1/125. Tofauti ni kubwa: kwa robo sekunde mtu anayecheka hugeuka ukungu, lakini kwa 1/125 hata mkono unaosimulia unanaswa. Ukiwa na lenzi ya 50mm f/1.8, ndiyo raha kabisa.

"Lakini chenga!" Najua. Ila tusiisingizie ISO. Mwanga huja kama matone ya mvua, bila mpangilio. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, kuyumba kwake ni kama 100, yaani asilimia 1. Ikipokea 100 tu, kuyumba ni 10, yaani asilimia 10. Chenga ni uhaba wa mwanga. Anayebaki ISO 200 na shata ile ile, kisha aing'arishe picha kwenye kompyuta, atazikuta zikimngoja, na kwa kamera za zamani huwa mbaya zaidi.

Tena kamera zimekua. Nikon D70 ya 2004 ilikomea ISO 1600. Nikon D3 ya 2007 ilifika 6400, na ukiilazimisha, 25,600.

Jambo moja la kuangalia hapa kwetu: ukuta mweupe huidanganya kamera, nyuso zetu zikatoka nyeusi ti, na chenga hupenda giza. Ongeza mwanga kidogo, +2/3 au +1.

Nyanya yangu alikuwa akiona kamera anakaza taya. Picha zake zote, kuanzia kitambulisho, ni za mtu aliyekasirika, naye hakuwa hivyo. Ninayo moja ya ISO 3200, anacheka macho yamefumba, kikombe cha chai kimeinama mkononi. Chenga tele. Alipofariki 2019 ndiyo familia iliyoichagua kwa jalada la ratiba ya mazishi. Mchapishaji alitaka kuisafisha. Nilikataa, maana programu za kuondoa chenga zikizidishwa hufuta na makunyanzi, na yale ya kando ya macho yake ndiyo yaliyokuwa yanacheka.

Kama kamera yako ina ISO otomatiki, wekea kikomo cha 3200, na shata isishuke chini ya 1/125. Jaribu leo usiku, stima ikiwepo.