Chura Aliyepanda Ndege

Chura akimeza, macho yake yanazama kichwani. Yanashuka hadi kwenye kaakaa na kusaidia kusukuma chakula kuelekea kooni, kisha yanaibuka tena. Nimezaliwa Namawala, bonde la Kilombero, ambako masika ikishika kelele za vyura huwakatisha watu wazima mazungumzo, na bado nilifikia umri wa kuwa na watoto shuleni bila kuliona jambo hilo. Aliyenifanya nilitazame ni fundi makenika wa Niger, aliyefariki Ouagadougou mwezi Machi 2015, na ambaye huenda jina la kijiji chetu hakuwahi kulisikia.

Kazi yangu ni kuandika vibao. Maduka ya Ifakara, bajaji, kuta za saluni na magenge ya chipsi, huko ndiko ninakopata ada za watoto. Mkono wangu ulifundishwa na magazeti: Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru za zamani ambazo baba mdogo hakutaka zifungiwe maandazi, halafu Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi kwenye Sani, tulilopokezana mpaka jalada likaisha. Niliwanakili wote. Mpaka leo ukinipa picha ya kuku nitaihamishia ukutani, na mwenye picha atashindwa kujua ipi ni ipi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu mjini, na niliridhika nayo. Katuni zinazotembea nilizijua kwenye banda umiza, baadaye kwenye TV, na moyoni niliamini zinatoka kiwandani kama sabuni. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ameketi mahali, ana penseli, anachora mguu ule ule tena na tena.

Mpwa wangu anayesoma Dar ndiye aliyenionesha Bon voyage Sim, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ni filamu ya mwaka 1966, dakika tano tu, nyeusi na nyeupe. Sim ni rais wa jamhuri ya vyura. Anaalikwa na rais mwenzake wa nchi jirani, anasafiri, anapokelewa kwa heshima zote, na anaporudi nyumbani anakuta ameshapinduliwa. Basi. Mjomba wangu, aliyepigana vita vya Kagera, aliitazama mara moja akasema, "Huyu si Obote kabisa!" Nikamwambia, mjomba, chura huyu alimtangulia Obote. Milton Obote wa Uganda alipinduliwa Januari 1971 akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akaja kukaa kwetu Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akampokea. Aliyepinduliwa mwaka ule wa filamu ni Kwame Nkrumah wa Ghana, Februari 1966, akiwa safarini kwenda Hanoi. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema basi mchoraji huyo ni mganga.

Mchoraji anaitwa Mustapha Alassane. Alizaliwa mwaka 1942, akajifunza umakenika, na kabla hajashika kamera alikuwa akiwaburudisha watu kwa vivuli: taa nyuma, vikaragosi vya karatasi ngumu mbele, na michoro kwenye karatasi angavu za kufungia bidhaa. Baadaye alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa akipiga filamu Niger, na kupitia njia hiyo akafika Kanada kwa Norman McLaren, bingwa ambaye wakati mwingine hakutumia hata kamera, alichora moja kwa moja juu ya utepe wa filamu. Aliporudi akatoa La mort de Gandji, ambayo wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya katuni kutengenezwa na Mwafrika kusini mwa Sahara. Ilipata tuzo Dakar mwaka 1966, kwenye tamasha la kwanza la sanaa za watu weusi duniani. Humo pia wamejaa vyura. Na mwaka 2001, akiwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, akatoa Kokoa, vikaragosi vya wanyama wakishindana mieleka, na vyura hawakukosa.

Mtu aliyesafiri hadi Kanada akarudi kuchora wadudu wa mtoni, kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko tuzo. (Najua chura si mdudu, lakini kwetu kila kisichofaa kitoweo ni mdudu.) Mimi nilikuwa nimechora simba wa nembo, tai wa nembo na farasi ambaye sijawahi kumgusa. Chura hapana. Wala si mimi tu. Mbu wa Namawala wanajulikana dunia nzima: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti kutoka Ifakara wamekuwa wakija kuwatega, kuwahesabu na kuwaandika kwenye majarida ya sayansi. Vyura wanaowala hao mbu hawakupata mwandishi.

Nikaanza kuchora katuni inayotembea bila kumwambia mtu. Hesabu yenyewe inatisha, kwa hiyo niieleze. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi huchora 12, kila mchoro ukapigwa mara mbili, na jicho linakubali. Dakika moja ni michoro 720. Dakika tano kama za Sim ni 3,600, yaani rimu saba za karatasi na ziada. Mfaransa Émile Cohl mwaka 1908 alichora kama 700 kupata filamu isiyofika dakika mbili. Mmarekani Winsor McCay alipotoa Gertie mwaka 1914, dinosaria mwenye deko za mtoto wa mwisho, alichora maelfu kwenye karatasi, na kwa kuwa karatasi haipitishi mwanga kama nailoni, milima na mti wa nyuma vilibidi virudiwe kwenye kila karatasi. Kazi hiyo aliifanya kijana mmoja, John Fitzsimmons. Nikikumbuka majina ya wakubwa, hilo sitaki kulisahau. Fitzsimmons wangu ni binti yangu wa darasa la sita. Yeye hurudia majaruba na mstari wa milima ya Udzungwa, mimi ninachora kinachotembea. Analipwa kwa vocha za bando.

Meza yetu ni kioo cha dirisha nilichopewa na fundi alumini, taa ya sola imelala chini yake. Karatasi zinatobolewa kwa panchi ya ofisini na kushikwa na misumari miwili iliyokatwa vichwa, zisicheze. Simu inafungwa juu kwa waya, inapiga picha moja moja, na programu ya bure inaziunganisha. Ndiyo mitambo yote.

Penseli ilizoea haraka. Macho ndiyo yaliyochelewa. Kunakili kunataka ujue kitu kinafananaje kikiwa kimetulia. Kukitembeza kunataka ujue uzito wake uko wapi. Mama mwenye ndoo kichwani: kichwa hakipandi wala hakishuki, kazi yote inafanywa na nyonga na magoti. Bajaji ikishika breki, pua inainama kabla haijasimama. Mbuzi akiinuka anatanguliza nyuma, ng'ombe vilevile, punda anatanguliza mbele. Mke wangu alinionya niache kuwakodolea watu macho barabarani kabla sijapigwa. Nimejaribu. Lakini siwezi tena kuona mtu anapita akawa mtu anapita tu, na sipendi kurudi nilikokuwa.

Msimu wa kulinda mpunga ulinikuta nimeshanogewa. Mashamba yetu yako mbali na nyumba, familia nyingi huhamia huko mpaka mavuno, na mchana mtu unakaa juu ya dungu kufukuza kweleakwelea. Zamani kukaa kule kulikuwa adhabu. Nikaenda na daftari. Pembezoni mwa kurasa nikawa nachora vyura, karatasi baada ya karatasi, ukizipepesa kwa kidole wanaruka. Watoto wa mashamba ya jirani wakaanza kuja na madaftari yao, jambo ambalo walimu hawakulishangilia.

Hapo ndipo lilinijia la Kihansi. Ukifuata bonde letu kuelekea Mlimba, kuna korongo ambako mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa unaandaliwa, watafiti walikuta chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita tatu. Hakuwa akiishi popote pengine duniani ila kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Hatagi mayai, anazaa vichura kamili, na ngozi ya tumbo la jike ni nyepesi kiasi kwamba vichura vinaonekana ndani. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, megawati 180, manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapakiwa kwenye ndege hadi Bronx Zoo, New York. Vijiweni watu walicheka sana: chura kapanda ndege, sisi hata TAZARA tunagombea siti! Waliobaki korongoni wakaisha, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 wengine wakarudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakarejeshwa Kihansi, ambako mabomba yanawanyunyizia maji badala ya maporomoko.

Sim anarudi anakuta kiti chake kimekaliwa. Wetu anarudi anakuta mvua imefungwa koki. Filamu imeshatokea mlangoni kwetu, na hakuna aliyeichora. Hiyo ndiyo ninayoichora sasa. Haina maneno, kwa sababu sina vifaa vya sauti. Mtengenezaji wa katuni Mkongo, Jean-Michel Kibushi, amenipa moyo: naye alianza na chura, yule wa ngano anayekwenda ukweni, mwaka 1991, na baadaye alitumia michoro ya watoto wa Kinshasa kueleza siku wanajeshi walipopora mji wao. Kumbe chura anaweza kubeba mengi.

Siku hizi watoto wanamtazama Akili na Ubongo Kids, kazi ya vijana wa Dar es Salaam kwa kompyuta, nzuri kuliko nitakayoifikia. Sishindani nao. Vibao bado naandika, maana chura hajalipa hata rimu moja. Lakini mteja akiniletea picha ya kuku kutoka kwenye simu siku hizi namwomba anionyeshe kuku wake. Mmoja aliondoka akatafuta fundi mwingine. Wa pili alikubali, na jogoo wake pale barabara ya stendi amenyanyua mguu mmoja kama anavyofanya kweli akisita.

Kipande cha kuwasili nilikipeleka shambani kumwonesha mama. Chura anatoka kwenye boksi, anaruka, anatua juu ya jiwe lililolowa. Mama ameshinda kwenye majaruba maisha yake yote. Alishika simu mbali kidogo na macho, akaniambia nirudie, nikarudia.

"Sasa mwanangu, huyu mbona anatua kwa tumbo? Kaumwa?"

"Ametoka safari, mama."

"Hata akitoka Ulaya. Chura anatanguliza mikono. Mikono ndiyo inapokea mwili, miguu inafuata. Wewe umekulia wapi?"

Nilishuka kwenye dungu nikaenda kuchuchumaa ukingoni mwa jaruba, na mama alisema kweli. Karatasi za mwisho za mruko ule nimezitoa, na binti yangu ameanza kurudia lile jiwe upya. Amepandisha bei, anataka bando la wiki.